Mvua kubwa ni milimita ngapi?

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lako liliandika kwamba "mvua kubwa" ilinyesha Tanga siku ya Jumapili na kusababisha msongamano wa magari mjini. Kuhusu magari sibishi. Tanga ya leo bajaji tatu zikikutana pale Ngamiani tayari ni msongamano. Ninachobishia ni hiyo "kubwa". Kwangu huku, njia ya Pangani kabla hujafika Tongoni, kipimo kilikuwa na milimita 11. Mwenzetu wa Chumbageni alipata 14. Yule wa Pongwe alipata sifuri, na nguo alizoanika asubuhi zilikauka kambani. Mamlaka ya Hali ya Hewa huiita mvua kubwa pale inapozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Ya Jumapili haikufika hata theluthi ya hiyo.

Naomba nafasi nieleze kwa nini mzee mzima anahangaika na jambo kama hili. Mwezi uliopita kundi letu la wapima mvua lilitimiza miaka kumi. Tulifanya shughuli ndogo Muheza, na huko yalinikuta mambo ambayo itabidi niyataje hapa hata kama yananiaibisha.

Mimi ni mtu wa chumvi. Nina majaruba sita karibu na mikoko, nimekuwa nayo tangu 1989. Kazi yetu ni nyepesi kuisimulia: maji ya bamvua yakipanda unayaingiza bwawani, unayaachia jua na upepo, unayahamisha bwawa hadi bwawa kadiri yanavyokolea, mpaka yanafika jaruba la mwisho yakiwa mazito na chumvi inaanza kukaa chini kama ukoko wa wali. Hizo ni wiki kadhaa za kusubiri. Halafu inakuja mvua ya nusu saa usiku, umelala. Jaruba langu moja lina mita 20 kwa 50. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo milimita 10 tu ni lita 10,000 za maji baridi, yaani ndoo kubwa 500, zimemwagwa juu ya chumvi yangu na nisimjue wa kumshtaki. Mtu akiniambia "mvua kubwa" bila namba, ni sawa na mwenye duka anayenikumbusha kuwa deni langu ni kubwa halafu asitaje shilingi.

Mwaka 1997 mvua za El Niño zilianza Oktoba zikavuka mwaka. Matuta yote yalikatika. Januari 1998 nilipita na ngalawa mahali nilipozoea kusimama na reki. Tangu hapo jina hilo likawa kwetu kama jina la jini. Basi 2015 liliposikika tena, na kweli mwaka ule Bahari ya Pasifiki ilikuwa imepata joto kali, sokoni hapakuwa na hadithi nyingine. Kila mtu alikuwa mtaalamu. Nikavuna chumvi changa, nikaiuza kwa hasara, nikawalipa vibarua nikawaaga, nikakaa barazani kuisubiri gharika. Vuli ikaja ya kawaida kabisa. Kuna siku nilikaa nikitazama majaruba matupu chini ya jua zuri la Novemba, nikacheka peke yangu, mke wangu akadhani nimepatwa na homa.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba Pasifiki haiamui peke yake. Bahari yetu ya Hindi nayo ina neno lake: ikipata joto upande huu wetu na kupoa upande wa Indonesia, mvua za vuli huku hunenepa. Mwaka 1997 bahari zote mbili zilishikana mikono. Mwaka 2015 ya kwetu haikuwa na nguvu ile. Mwaka 2019 ya kwetu ilitosha yenyewe, na waliokuwa Tanga Oktoba ile wanakumbuka barabara zilivyokatika. Lakini hayo yote nilikuwa siyajui. Nilichojua ni kwamba sikuwa na namba hata moja, si ya 1997, si ya mwaka mwingine wowote, ya kulinganishia. Nilikuwa na woga wangu na maneno ya sokoni.

Nikaenda kwa fundi bati Ngamiani anitengenezee kipimo cha mvua. Pale nikamkuta mwalimu mstaafu wa jiografia kutoka Muheza ameagiza kitu hichohicho, amechora na mchoro. Fundi akatutazama: "Nyinyi wazee mmeambizana?" Alipomaliza vyetu akajitengenezea chake akakiweka juu ya ukuta wa ua. Shemeji yake, anayeanika dagaa Kigombe, akauliza kwa nini yeye asiwe nacho wakati dagaa wakilowa ni yeye anayelia. Hao ndio wanne wa Januari 2016. Leo tuko 31: kuna bibi wa Amani mwenye shamba la iliki, mtawa mmoja wa Lushoto, mlinzi wa usiku Korogwe, mvuvi wa Moa karibu na mpaka wa Kenya, na kijana mmoja aliyehamia Kilwa akaondoka na kipimo chake kama mtu anavyoondoka na mkeka.

Kila siku saa tatu asubuhi kila mtu anasoma kipimo, anakimwaga, anamtumia Mwalimu namba kwa simu. Mwalimu anaandika daftarini kwa kalamu ya wino. Saa tatu kwa sababu ndiyo saa ya vituo vya Mamlaka, na ukipima saa tofauti mvua yako inaangukia siku tofauti na ya jirani. Hatutabiri. Utabiri ni kazi ya Mamlaka na sheria iko wazi; sisi tunaandika kilichokwisha anguka.

Hapa nirudi nyuma kidogo. Nimezaliwa 1957, na baba yangu alikuwa mkata mkonge. Mbele ya ofisi ya shamba palikuwa na kopo la shaba limezungushiwa uzio mdogo wa miti, na sisi watoto tulikatazwa kulisogelea, kwa hiyo tuliamini ndani yake mna kitu cha kutisha. Kila asubuhi karani alitoka na daftari lenye jalada jekundu, akafungua kopo, akamimina maji kwenye kioo chembamba, akakiinua mpaka usawa wa jicho. Siku moja aliniona nimejibanza, akaniita. Nilidhani napigwa. Akanipa kile kioo nikishike na kusema, "Usisome pembeni maji yanapopanda kwenye kioo. Soma chini ya tumbo lake." Nikasoma. Akaandika nilichosema bila kukagua, au pengine alikagua nisimwone. Mashamba mengi ya mkonge na misheni nyingi mkoani kwetu zilikuwa na kopo kama lile na karani kama yule, na madaftari yalipangwa mwaka juu ya mwaka.

Miaka ya tisini, shamba likiwa limeshakufa, nilinunua karanga stendi. Zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi yenye mistari ya wino mwekundu na tarakimu ndogo nzuri. Nikaifungua: Novemba 1961, mvua kwa inchi, siku kwa siku. Mwaka wa Uhuru! Mvua zile za mwishoni mwa 1961 wazee wetu walizisimulia mpaka wakafa. Ndizo zilizoanza kulijaza Ziwa Victoria hadi kufikia 1964 maji yakawa yamepanda zaidi ya mita mbili. Nikamwuliza mama muuza karanga nyingine ziko wapi. Akanionyesha boksi, lilibaki jalada. Alikuwa amelipewa bure na mtu aliyekuwa akifagia stoo, mchwa wameshapita kwenye nusu yake. Simlaumu, karatasi ilikuwa ngumu na karanga zake zilikuwa safi. Ile karatasi ninayo mpaka leo. Mafuta ya karanga yamefuta wiki mbili za kwanza.

Ndiyo maana, Ndugu Mhariri, kuna sentensi nyingine inayoniumiza kuliko hiyo "mvua kubwa". Ni ile ya "haijawahi kutokea". Kila mafuriko hayajawahi kutokea. Kila upepo haujawahi kuvuma. Kimbunga Hidaya kilipokuja karibu na Mafia tarehe 4 Mei 2024, nilisikia na kusoma mara nyingi kwamba pwani yetu haijui vimbunga. Lindi ilipigwa na kimbunga tarehe 15 Aprili 1952. Unguja ilipigwa tarehe 15 Aprili 1872, siku ileile ya mwaka, miaka 80 kabla, na mikarafuu ya Unguja ilianguka kiasi kwamba Pemba, ambayo ilinusurika, ndiyo iliyokuja kuwa kisiwa cha karafuu. Mtu wa pwani anayeijua Pemba kwa karafuu anaijua kwa sababu ya kimbunga, ila hajaambiwa. Mwenzetu wa Kilwa usiku ule wa Hidaya alitoka asubuhi akakuta kipimo kimejaa hadi kinamwagika, akaandika "kimejaa, zaidi ya hapo sijui". Mwalimu alisema hiyo ndiyo taarifa bora kuliko zote za miaka kumi, kwa sababu mtu aliandika alichokiona akaishia hapo.

Mvua ina tabia ya ajabu ya kuchagua. Machi moja mimi nilipata milimita 41, na mtu wangu wa karibu, kilomita tatu tu, akapata sifuri. Alinipigia simu kuniuliza kama ninaumwa. Ukichukua mkoa mzima ndiyo usiseme. Upepo wa baharini ukigonga Usambara hupanda, hupoa, humwaga maji upande wa Amani, ambako mwaka hufikia karibu milimita 2,000; ukishuka upande wa pili kuelekea Mombo umeshakamuliwa kama nguo, na Mombo hawapati hata nusu ya hiyo. Bibi wa iliki na jamaa zetu wa Mombo hawajawahi kukubaliana kama mwaka fulani ulikuwa mzuri. Sasa mwandishi akiandika "mvua imenyesha Tanga", Tanga ipi?

Mpwa wa Mwalimu anasoma Fort Collins, jimbo la Colorado, Marekani, na ndiye aliyetuambia kisa cha mji ule. Julai 28, 1997, miezi michache tu kabla bahari haijanichukulia matuta, mvua ilishuka upande wa kusini-magharibi wa Fort Collins zaidi ya milimita 250. Upande wa mashariki wa mji huohuo haikufika hata 60, watu walilala bila kujua kuna msiba. Watu watano walikufa. Wataalamu walipotaka kujua imenyesha kiasi gani na wapi, vipimo rasmi havikutosha, ikabidi waombe wananchi: nani alikuwa na kipimo uani, nani aliacha ndoo nje. Kutokana na hayo, mwaka uliofuata mtaalamu wa hali ya hewa wa huko, Nolan Doesken, na wenzake wakaanzisha mtandao wa watu wa kawaida wanaopima mvua majumbani kila asubuhi. Leo wako maelfu kwa maelfu Marekani nzima na Kanada. Mpwa huyo alipotuonyesha picha ya kipimo chao, fundi bati alikigeuza-geuza kwenye simu akasema chake ni kizuri zaidi. Waingereza nao walianza zamani: bwana mmoja, George Symons, alikusanya taarifa za mvua za 1860 kutoka vituo 168 tu, na alipofariki 1900 alikuwa na vituo zaidi ya 3,000, wengi wao wapimaji wa kujitolea. Mwalimu humtaja huyo kila tunapokata tamaa, mpaka dada wa dagaa amemwita babu yake Mwalimu.

Kukata tamaa kupo, tena hakuletwi na mvua. Kunaletwa na sifuri. Kipindi cha kaskazi unaweza kuandika sifuri siku ishirini mfululizo, na siku ya ishirini na moja akili inakuambia kaa ndani, si unajua hakuna kitu. Wengi waliotuacha walituachia hapo. Mwalimu ni mkali sana kwenye hili. Kwake kuna alama tatu: sifuri, maana yake nimetazama na hakuna, "r", maana yake rasharasha, kipimo kimelowa lakini hakipimiki, na kistari, maana yake sikupima. Ukichanganya sifuri na kistari umeliharibu daftari, kwa kuwa siku moja mtu atatafuta ukame ulianza lini na atakuta uvivu wako.

Tuliwahi kuwa na mwenzetu mmoja, simtaji hata kijiji, ambaye namba zake zilikuwa za kupendeza: 10, 5, 15, 20, 5. Hakukosa siku. Mwalimu alikaa nazo miezi miwili bila kusema, halafu akampigia. "Mwanangu, mvua haijui tano tano." Kumbe alikuwa Arusha kwenye harusi, kisha akaunganisha na msiba, kisha akapata kibarua hukohuko, na kila asubuhi alikuwa akiuliza kwa simu kama imenyesha na kukisia. Alilia. Hatukumfukuza. Tulifuta miezi mitano tukaweka vistari, na sasa ni miongoni mwa wapimaji wetu waaminifu kuliko wote. Akisafiri anatuma kistari kabla ya saa tatu.

Sasa nifike Muheza.

Tulikutana Jumamosi ya pili ya Januari, wengi wetu kwa mara ya kwanza ana kwa ana. Nilikuwa nimemfahamu mtawa wa Lushoto kwa milimita zake kwa miaka saba na nilimdhani mrefu. Tulipika wali wa nazi na kuku wa kienyeji, mvuvi wa Moa alikuja na changu kwenye kapu la barafu, na machungwa hayakuwa na hesabu, ni Muheza. Dada wa dagaa alikuwa ameagiza keki yenye picha ya wingu, ambayo kwa joto la basi wingu lilikuwa limeshanyesha. Kila mmoja aliambiwa aje na kipimo chake na chombo anachosomea, ili vikaguliwe pamoja.

Ukaguzi wenyewe ulikuwa hivi. Mwalimu alikuwa amepiga hesabu ya mdomo wa kila kipimo, akajua ni maji kiasi gani yatafanya milimita 20 kamili. Anayavuta kwa bomba la sindano kubwa, anamimina, unasoma mbele ya watu. Fundi bati: 20. Bibi wa Amani: 20, na akaomba arudiwe ili wote wasikie. Mtawa: 19 na nusu. Mlinzi wa Korogwe: 21, ikaonekana kipimo chake kilibonyea mdomo kwa kugongwa na mbuzi.

Zamu yangu ikafika. Lazima niseme kwamba kipimo cha fundi nilichonunua 2016 kiliibwa mwaka wa nne, nadhani mwizi alidhani ni kitu cha maana, na tangu hapo natumia chupa pana ya kioo iliyonyooka pande zote, ambayo ni halali kabisa. Chombo kikiwa kimenyooka, kina cha maji ndicho kina cha mvua. Nasoma kwa rula ya plastiki ya mjukuu wangu, natumbukiza mpaka chini. Mwalimu akamimina. Nikasoma: 16.

Kimya. Akamwaga akarudia. Nikasoma 16. Mimi ndiye ninayewafundisha wageni kusoma chini ya tumbo la maji. Mimi ndiye niliyewahi kumsema kijana wa Kilwa kwa kuweka kipimo chini ya mwembe, nikamweleza kwa ukali kwamba kinatakiwa kiwe mbali na mti angalau mara mbili ya urefu wake. Dada wa dagaa akaniomba rula. Akaitazama mwanzo wake, akaitazama tena, akaanza kucheka akijiziba mdomo kwa kanga. "Babu, sifuri ya rula hii haianzi mwanzoni." Na kweli. Rula ya shule ina kipande cha plastiki kabla ya mstari wa sifuri. Milimita nne. Kwa miaka sita kila mvua yangu ilikuwa imekatwa milimita nne kama ushuru.

Mtu anaweza kudhani dawa ni rahisi, ongeza nne kila mahali. Mwalimu alituliza kicheko akasema kwa sauti ya darasani: mvua zake kubwa tutazirekebisha, lakini rasharasha zake? Kila mvua iliyokuwa chini ya milimita nne, mimi niliona maji hayafikii mstari nikaandika "r". Ndani ya zile "r" kuna milimita moja, kuna mbili, kuna tatu na nusu, na hakuna atakayejua ipi ni ipi. Tumehesabu: ni siku 212. Zimewekewa alama ya duara jekundu daftarini, na pembeni Mwalimu ameandika sababu kwa herufi kubwa, "RULA". Yuko hai karani wa utotoni mwangu? Hapana, alifariki zamani. Nashukuru kwa hilo peke yake.

Nimelitaja hili ili usidhani nakuandikia kama mtu asiyekosea. Nimekosea miaka sita. Ila kosa langu limejulikana, linapimika, lina urefu wa milimita nne, na sehemu kubwa ya daftari imeweza kuokolewa kwa sababu kulikuwa na namba za kuokoa. "Mvua kubwa" hakuna awezaye kuirekebisha. Miaka thelathini baadaye mtu akilifungua gazeti lako la wiki iliyopita, atakuta ukubwa usio na kipimo, na kama karatasi yenyewe haijafungia karanga.

Ombi langu ni dogo. Mwandishi wako anapoandika mvua, aongeze maneno matatu au manne: milimita ngapi, zimepimwa wapi. Mamlaka wanazo za vituo vyao na hutoa taarifa kila siku. Na kabla ya "haijawahi kutokea", apige simu moja kwa mtu mwenye daftari. Wazee wetu wa pwani waliohesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi kuanzia Nairuzi mpaka zile siku tano za gatha, walijua mvua fulani imewahi au imechelewa kwa siku ngapi, na hawakuwa na rula ya kukosea nayo.

Na kama kuna msomaji wako ambaye stoo yake, au ya marehemu baba yake, au ya misheni, au ya shamba lililokufa, ina madaftari ya zamani yenye safu za tarakimu na neno "mvua" au "rainfall" juu, tafadhali asiyachome na asiyagawe. Ayapige picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, hata yale yaliyoliwa na mchwa, halafu akuandikie wewe Mhariri. Nitapita ofisini kwenu kila nikija mjini. Inchi tutazibadilisha wenyewe. Nahitaji hasa ile Novemba 1961, wiki mbili za kwanza.

Leo asubuhi saa tatu, njia ya Tongoni: sifuri. Nimesoma kwa rula mpya ya chuma.

Ni mimi,
Mzee wa Chumvi,
Tanga.